Nasikiliza Majivu

Sakitu imeunguza viazi vya Mji Mwema,
nami niko macho saa nane za usiku
namsikiliza paka akienda jikoni.

Anaitwa Diwani.
Panaponukia nyama hakosi kufika;
ukimtafuta kwa habari ya panya, yuko ziarani.

Amechimba. Kimya.
Amechuchumaa. Kimya.
Ametoka, amerudi, amechimba tena
kwenye majivu ya jana yaliyokwisha poa,
akatoa sauti nyembamba, kama bawaba kavu.

Asubuhi niliyachambua majivu kwa kijiti
kama aliyepoteza sindano:
makavu. Yote makavu.
Dagaa wake hakuwagusa.
Amejikunja kwenye kapu la nyuzi, nyuma ya mashine,
anajilamba pahali pamoja tu, mpaka pamekuwa pekundu.

"Amefunga choo huyo," alisema Mama Tulizo juu ya ua.
Akaingia ndani, akarudi na nusu kidonge cha Panadol,
kwa moyo mweupe kabisa.
Nilikipokea. Nikakitazama.
Sijui nini kilinizuia; nikakitia mfukoni.

Nilimfunga ndani ya sweta la shule, la kijani,
mkono mmoja bado sijaufuma.
Kijana wa bodaboda akauliza, "Mama, umebeba mtoto?"
Nikasema ndiyo.
Hakupunguza nauli.

Bwana mifugo Nyagawa tulimkuta Uwemba,
mkono mzima ndani ya nguruwe anayezaa.
Waliokuwa kwenye foleni wakacheka: paka!
Yeye alinawa kwanza, hakucheka.
Akamgusa tumbo kwa vidole viwili.
"Kibofu hiki, mama. Kimekaza kama chungwa bichi.
Dume akichuchumaa asitoe kitu, usimsingizie choo.
Ni mkojo umeziba. Kesho usingemkuta."

Nikamwonyesha kile kidonge.
Alikitupa shimoni, akafukia kwa buti.
"Kwako dawa. Kwake sumu, hata robo yake."

Mrija mwembamba kama unyasi,
beseni la bati,
na mkojo wenye rangi ya chai isiyotiwa maziwa.
Diwani alifumba macho taratibu.
Mimi nilikaa juu ya debe bila kukaribishwa
kwa sababu miguu ilikuwa imekumbuka jambo.

Marehemu, Julai ya mwaka ule,
alikuwa akitoka nje usiku mara nne, mara tano.
Nilisikia komeo. Nilimsikia akisimama gizani
muda mrefu kuliko haja.
"Baridi hii, mama watoto," alisema akirudi, nyayo barafu,
nami nikamsogezea blanketi, nikalala.

Sikuhesabu.

Sasa nahesabu.
Dagaa nawaroweka mpaka walegee.
Maji naweka bakuli tatu, jikoni, dirishani, kando ya mashine,
na nayapasha kidogo,
maana maji ya Njombe alfajiri
hata mwenye kiu huyaahirisha.
Majivu nabadilisha kila jioni; ni mtu wa usafi, Diwani,
akiona uchafu hujizuia, na kujizuia ndiko kulikotufikisha Uwemba.
Vipande vya uzi naviokota kabla hajavimeza.
Mama Tulizo anasema nimeolewa upya.
Namwacha acheke. Nimemweleza habari ya kidonge
na tangu siku ile ananiletea vichwa vya samaki.

Usiku, mlango wa jikoni ukisukumwa,
naacha kupumua.
Anachimba.
Anachuchumaa.
Nangoja, mkono kwenye upande wa kitanda usio na mtu.

Halafu inakuja, ndogo, ndefu, bila haraka,
mvua inayonyesha juu ya majivu tu.

Anafukia. Anapanda kitandani
na nyayo zake za kijivu, moja, mbili, tatu, nne,
juu ya shuka nililofua leo.
Sisemi neno.